Mdogo Wangu Hakuwahi Kuulizwa

Nilimsikia kabla sijaiona nyumba. Bodaboda ilikuwa imenishusha pale njia inapoacha barabara na kuingia mashambani, kwa sababu mvua ilikuwa imelainisha udongo na dereva hakutaka kuliacha gurudumu lake humo. Nikawa natembea na begi kichwani kama nilivyotembea miaka yote nikitoka shule. Mahindi yalikuwa marefu pande zote mbili. Sikuona paa, sikuona turubai, sikuona mtu. Nilisikia mvumo mmoja mzito, usiopanda wala kushuka, ukitoka upande wa kwetu, kama mtu aliyeweka mdomo kwenye mtungi mtupu na kuuamsha utupu uliomo ndani.

Alikuwa mdogo wangu wa kike. Hapa kijijini kwetu Qurus kila mtu aliujua mvumo wake, na mama alikuwa ameujua kuliko wote. Ukiwa wa chini na wa taratibu, alituambia, mwacheni, yuko salama. Ukipanda na kukatikakatika, nendeni mkamtoe penye kelele. Siku ile haukuwa wa chini wala wa juu. Ulikuwa na mwangwi ambao sikuwahi kuusikia, na nilipofika uani ndipo nikaelewa unatoka wapi. Msimu ule kihenge chetu cha bati kilikuwa kitupu. Mdogo wangu alikuwa amesimama juu ya kigoda mle stoo, ameingiza kichwa na mabega ndani ya kihenge, anavuma. Nje, vijana wa kanisa walikuwa wanafunga kamba za turubai.

Mama alifariki alfajiri ya siku hiyo.

Kabla ya neno usonji kulikuwa na maneno mengine, na sitayaandika yote. Wapo waliosema mama alipita kwenye chemchemi wakati asiopaswa kupita, akiwa mjamzito. Wapo waliomwuliza alikula nini. Wapo waliomwombea mtoto kwa sauti kubwa, wamemzunguka na kumwekea mikono kichwani, naye akapiga kelele mpaka akatapika, nao wakasema pepo linatoka. Mama alikuwa anasikiliza, kisha anajibu, "Ndivyo alivyo," na kuendelea kuchagua maharage. Nilipokuwa msichana jibu hilo liliniudhi. Niliona ni la mtu aliyekata tamaa.

Neno lenyewe lilitufikia mdogo wangu akiwa ameshanizidi urefu. Daktari mmoja aliyekuwa anapita kliniki alilitaja, akaandika rufaa ambayo haikutufikisha popote, na mimi nikiwa Arusha, ninakofanya kazi ya uandishi, nikalitafuta mtandaoni. Rafiki yangu akaniunganisha na kundi. Humo kulikuwa na wazazi, walimu, ndugu, na watu wachache wenye usonji wenyewe, kutoka kila pembe ya nchi, wanaotakiana asubuhi njema mpaka simu inapata moto. Mama alikuwa na simu ya vitufe. Kila nilipokuja nyumbani tulikaa jikoni, nikamsomea.

"Yule wa Singida," angeniuliza, "mwanawe amekula?"

"Amekula, mama. Ugali wa jana, umepoa, bila mboga."

"Basi. Mwambie asimhangaishe. Wa kwangu anachambua makande, mahindi upande huu, maharage upande ule. Mwisho vyote vinaingia tumboni."

Nilimrekodi sauti, nikaituma. Ilikuwa sauti yake ya pekee mle kundini ambayo watu waliizungumzia kwa muda mrefu. Alisema: "Mimi ni mama wa Karatu. Wangu ana neno moja tu, ayo. Kwa Kiiraqw ni mama. Akitaka maji ni ayo, akiumwa tumbo ni ayo, akiona ng'ombe wa jirani wameingia shambani ni ayo. Kwa hiyo mimi ndiyo kamusi nzima." Watu walicheka kwa maandishi, wakamtumia maua. Aliyaangalia maua yale kwenye simu yangu kwa muda, akaniuliza kama yananyauka.

Mama alipozikwa, kamusi ilizikwa naye. Hilo lilinijia makaburini, watu wakiwa bado wanarusha udongo, na sikuweza kulisema kwa mtu yeyote kwa sababu lilionekana kama sentensi ya kitabu.

Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Ni jambo zuri, na sitaki mtu alisome vibaya hapa. Mtu akizikwa, majirani hawarudi kwao na kuifunga hadithi. Wanakuja kila jioni. Wanasali, wanaimba, wanapika, akina mama wanalala sebuleni kwenye mikeka, na kila anayeingia anampa kila mfiwa mkono, anaushika kwa muda, anasema pole. Nyumba inajazwa sauti makusudi ili kimya kisipate pa kukaa. Mimi mwenyewe zile siku za kwanza nilishikiliwa na mikono ile. Bila hiyo sijui ningesimamaje.

Lakini mdogo wangu hakuweza kushikwa mkono. Hakuwahi kuweza. Kuguswa na mtu ambaye hakujiandaa kumpokea kulikuwa kwake kama maji ya moto. Zamani mama alisimama mbele yake na kupokea kila mkono mara mbili, kwa ajili yake na kwa ajili ya mwanawe. Sasa mikono ilikuwa inamwendea yeye mwenyewe.

"Mwanangu, mpe bibi yako mkono," alisema jirani yetu mmoja, mjane mtu mzima, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya korongo. "Mama ametuachia sisi. Sisi ndio mama zako sasa."

Mdogo wangu akaziba masikio na kukimbilia stoo.

"Hata machozi hana," mwanamke mwingine alinong'ona.

"Huyo hajui kama mama yake amekufa," wa tatu akasema. "Afadhali yake."

"Anajua," nikasema.

"Umejuaje?"

Nilichojua ni kwamba tangu alfajiri ile hakuna aliyemsikia akisema ayo.

Yule jirani mwenye sauti hakumwacha. Kwa upendo kabisa, alipanga zamu. Wawili wawili, akina mama wakawa wanakwenda kukaa naye stoo, wanaimba nyimbo za kufariji, mabati yanaimba pamoja nao. "Mtoto hawezi kukaa kule peke yake kama kuku anayeatamia," alisema. Mvumo ukapanda, ukakatikakatika. Wakadhani analia, wakaongeza sauti. Akaacha kula walichompelekea. Mifupa ya mabega yake ikaanza kuonekana chini ya sweta.

Mtu pekee ambaye chakula chake kililiwa alikuwa mama mdogo. Huyu ni mdogo wake mama, mjane asiye na watoto, fundi cherehani kule Wasso, ng'ambo ya kreta, na alikuwa amesafiri siku nzima kuja kuzika. Si mtu wa maneno. Alikuwa anaingia stoo, anaweka sahani sakafuni, anatoka bila kugeuka, bila hata kusema karibu chakula. Niliona ni ubaridi. Nikamwambia wifi yangu, mke wa kaka, kwamba mwanamke yule ana moyo wa jiwe, na wifi akaniambia, "Lakini sahani inarudi tupu."

Kikao cha ukoo kilikaa wiki ya pili. Baba mdogo aliongoza, kwa nafasi ya marehemu baba. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya Qurus na mkewe, alikuwepo. Anaendesha gari la watalii, na msimu ulikuwa unaanza, maana yake angekuwa anarudi nyumbani usiku au asirudi kabisa. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho. Swali lilikuwa moja, na kila mtu alilizunguka kwa adabu mpaka baba mdogo akaliweka mezani: binti huyu ataishi na nani?

"Nitakwenda naye," mama mdogo akasema.

"Wasso?" nikasema. "Hapana."

"Mwandishi amesema," kaka akatupia, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani kinachotafuta pa kutokea.

Nilisema mengi. Nilisema Wasso ni mbali, barabara ni vumbi tupu, kule hatajua mtu na hakuna atakayemjua. Nilisema amezaliwa hapa, njia zote za hapa ziko miguuni mwake, mama amelala hapa nyuma ya migomba. Nilisema watu wa aina yake kote duniani wanapelekwa mbali ili wasionekane, na kwamba mimi siwezi kukubali tuwe familia nyingine ya aina hiyo. Niliamini kila neno.

"Sasa wewe utakaa naye?" baba mdogo akauliza. Hakuwa na ukali.

Kule Arusha nilikuwa na chumba kimoja, kati ya baa na mafundi wa kuchomelea vyuma. "Nitarudi Qurus," nikasema.

"Uje uandike nini? Mbaazi?"

Walicheka tena, na safari hii hata mimi nilicheka, kisha nikatoka nje kulia. Kwa nyuma nilimsikia baba mdogo akisema tusiharakishe, lakini liamuliwe kabla mama mdogo hajarudi kwake, kwa sababu kazi za watu zinamsubiri.

Niliandika kundini siku hiyo hiyo. Walijua msiba wetu. Walikuwa wameomboleza kama mama alikuwa wa kwao. Majibu yalimiminika. Pigania, dada. Usikubali apelekwe mbali. Nyumbani ni nyumbani. Mama wa Tanga akatuma ujumbe wa sauti mrefu, akilia. Niliusikiliza nikiwa nimekaa kwenye kisiki nyuma ya nyumba, nikajisikia nina jeshi.

Jioni ile kaka alirudi mapema na akapita stoo kabla ya kuingia ndani. Kwaya ilikuwa inaimba uani. Alikuja kukaa karibu yangu, bado ana vumbi la barabarani kwenye nyusi.

"Kule kreta," akasema, "wageni wakimwona faru nawaambia: kaeni chini, nyamazeni, msinyooshe mikono. Wanatii. Watu wazima wamekuja na ndege, wanatii. Hapa nimemjazia mtoto wa mama kwaya nzima."

"Usimfananishe na faru."

"Sijamfananisha yeye. Nimejifananisha mimi na wageni."

Kesho yake akamwendea jirani yule na kumwomba, kwa heshima zote, kwamba zamu za stoo zisimame na jioni waimbe chini chini. Mama yule akasimama pale pale.

"Mnatufukuza msibani?"

"Hapana, mama. Shikamoo yangu uipokee, sikufukuzi. Mtoto anaumia."

"Tangu lini mtu akaumizwa na wimbo?"

Akajifunga kanga yake kiunoni, akaondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Jioni ile uani palikuwa na watu wachache sana, na waliobaki hawakutuangalia usoni. Hapa kwetu hilo si jambo dogo. Wifi alisema watu watakuja kututangaza mpaka Karatu mjini kwamba tumeona aibu kumlilia mama.

Katikati ya hayo ikaja siku ya sherehe. Kundi letu lilikuwa limeipanga zamani, mama akiwa hai: siku ya kufurahia watu wetu wenye usonji jinsi walivyo. Mwaka uliotangulia walituma nyimbo na video za maputo, na kijana mmoja wa Dodoma, mwenye usonji yeye mwenyewe, aliandika kwamba sherehe yao ilimfanya azime simu. Wengi walikasirika. Yeye hasalimii, hatumi sauti, anaandika mstari mmoja na kupotea. Lakini mwalimu wa Iringa anayesimamia kundi alilichukua neno lake, na mwaka huu ikakubaliwa iwe sherehe ya kimya. Hakuna sauti, hakuna wimbo, hakuna katuni zinazocheza. Kila mtu atume picha moja: mahali ambapo mtu wako anapumua vizuri.

Sikutaka kushiriki. Lakini niliifungua simu mchana, na picha zikaanza kushuka kimya kimya, moja chini ya nyingine. Mvulana wa Singida yuko chini ya meza, ameweka miguu kwenye beseni la maji. Binti wa Tanga amelala kwenye sakafu baridi, uvunguni, unaona nyayo tu. Mwanafunzi mmoja ameketi nyuma kabisa ya darasa, ameelekea ukutani, na mabega yake, sijui nisemeje, mabega yake yamefurahi. Kijana wa Dodoma alituma chumba chake mwenyewe: pazia zito, kiti, hakuna mtu. Mama mmoja akaandika Amina, akaifuta haraka. Watu wote hawa waongeaji, siku nzima hawakusema kitu. Nililia pale kwenye kisiki kuliko nilivyolia makaburini.

Nikatafuta picha ya mdogo wangu. Zilikuwepo nyingi, Krismasi, kipaimara cha binamu, mavuno, na katika kila moja kulikuwa na mtu aliyemshika bega ili atulie kwa ajili ya kamera. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Mama mdogo alikuwa anamenya viazi pale karibu. "Unatafuta nini?"

Nikamweleza. Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akatafuta taratibu, akanipa.

Mwaka jana, mama alipolazwa kwa matibabu, mdogo wangu alikaa Wasso kwa muda. Mimi nilikuwa Arusha, namalizia riwaya, na habari hiyo niliipata kwa simu tu. Kwenye picha yuko chumba cha kushonea, sakafu ya saruji, mwanga unaingia kwa ufa mmoja. Ameketi chini ya meza ya cherehani. Shavu lake limelalia mguu wa mashine, macho yamefumba, mdomo uko wazi kidogo. Vipande vya shuka nyekundu vimepangwa mbele yake kwa ukubwa.

"Mashine ikitembea anakuwa hapo," mama mdogo akasema. "Ikisimama ananitazama."

"Anavuma?"

"Anavuma na mashine. Wanalingana."

"Mbona hukuonyesha hii kwenye kikao?"

Alirudi kwenye viazi. "Mlikuwa mnaongea."

Niliituma. Haikuwa na maelezo, kama sheria ya siku ilivyotaka. Kesho yake asubuhi, sherehe ikiwa imekwisha na salamu zimerudi kwa fujo, kijana wa Dodoma akaandika: "Huyo wa kwenye cherehani anapumua. Ni wapi?"

Nikajibu ni Wasso, kwa mama mdogo, ndiko wanakotaka kumpeleka.

"Mmemuuliza?"

"Mwanangu, salamu kwanza," akaandika mama wa Tanga.

"Salamu. Mmemuuliza?"

Nikaandika: hasemi.

"Sijasema asemeshwe. Nimesema aulizwe."

Nilikaa na simu ile mkononi, chai ikapoa. Tulikuwa tumeulizana sisi. Ukoo mzima ulikuwa umeulizwa, kanisa limeulizwa, nchi nzima kupitia kundi lile imeulizwa. Katika maisha yake yote mdogo wangu alikuwa amepewa vizuri na vibaya, alikuwa amependwa sana, na sikuweza kukumbuka hata mara moja ambapo mtu alimwuliza kitu na kungoja.

Kijana aliniandikia pembeni namna ya kufanya. Picha mbili za ukubwa mmoja, moja ya kila mahali. Mahali pa kimya. Usinyooshe kidole, usitabasamu, usiseme ipi. Subiri mpaka uchoke, kisha usubiri tena. Rudia siku nyingine, ubadilishe upande. Mstari wa mwisho ulikuwa huu: "Ukishauliza, ukubali jibu. Kama huwezi, usimuulize."

Nilidhani naweza. Nilikuwa na hakika kwamba atachagua nyumbani.

Tulimuulizia stoo, mchana, kaka akiwa amekaa nje kuzuia watu. Nikaweka simu mbili sakafuni: yangu ikiwa na picha ya nyumba yetu, migomba, jiko, kigoda cha mama, ya mama mdogo ikiwa na chumba cha cherehani, kitupu, bila yeye ndani. Tukarudi nyuma. Alivuma muda mrefu akitazama dari. Nilitaka kusema kitu, nilijiuma mdomo. Kisha akachutama, akaichukua simu yenye kioo kilichopasuka, akaiweka shavuni.

Nikasema kimoyomoyo kwamba amependa nyufa za kioo. Kesho yake tukahamisha picha, ya Wasso ikaja kwenye simu yangu nzima, ya Qurus ikaenda kwenye ile iliyopasuka, pande zikabadilishwa. Akachukua simu yangu. Nikasema ameizoea simu yangu. Siku iliyofuata mama mdogo ndiye aliyeziweka, na mdogo wangu hakungoja hata kidogo. Aliichukua picha ya cherehani, akavuka stoo nzima, yeye asiyemwendea mtu, akaketi karibu na mama mdogo bila kumgusa, na akasema, "Ayo."

Hakuna aliyejua alimaanisha nini. Maji, tumbo, ng'ombe, mama. Mama mdogo hakujaribu kutafsiri. Aliitika tu, "Naam," kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Mimi nilitoka nje. Nilimkuta kaka, nikaanza kumweleza kwamba pengine haelewi, pengine anadhani anakwenda kwa muda kama mwaka jana, pengine anadhani mama yuko kule amelazwa.

"Pengine," kaka akasema.

"Sasa tufanyeje?"

"Si ameshasema."

"Lakini hapa ni kwao."

"Kwao palikuwa kwa mama, dada." Alikuwa anafuta funguo za gari kwenye suruali, tena na tena. "Mimi pia ningeondoka, kama nisingekuwa na mtoto anayekuja."

Niliandika kundini jibu la mdogo wangu. Safari hii hawakumiminika. Mama wa Tanga aliandika pole, akaongeza, baada ya kitambo, hongera. Hayo maneno mawili yalikaa pamoja kwenye kioo changu na sikujua nimshukuru kwa lipi. Nilikuwa nimesoma sana kuhusu kukubali. Nilikuwa nimeandika hata makala. Nilidhani ni kitu unachompa mtu, kama zawadi, huku umesimama mahali pako. Sikujua kwamba kinaweza kukuachia nyumba tupu.

Siku mbili kabla ya safari, jirani yule mwenye sauti alionekana kwenye njia ya migomba, peke yake, ameshika bakuli lililofunikwa. Nilinyanyuka kumpokea, akanipita. Akaingia stoo. Nilisubiri sauti. Haikuja. Akatoka mikono mitupu, akasimama mbele yangu, akaninong'oneza, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba mama yule anaweza kunong'ona: "Makande. Nimeyachambua mwenyewe. Mahindi upande huu." Akaondoka bila kuaga.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na ukungu mzito, na kaka alisema kule juu, kwenye ukingo wa kreta, basi litakuwa linatembea na taa. Alitangulia kwenye gari na mizigo ili awawahishe stendi ya Karatu. Mama mdogo alimfuata, akakaa kiti cha nyuma, akaacha nafasi. Tulikubaliana mtu asimwite wala kumshika mkono. Atoke mwenyewe atakapokuwa tayari.

Nilibaki naye sebuleni. Alivaa sweta la mama, mikono imemfikia nusu. Alizunguka chumba polepole, akagusa ukuta, akagusa kabati, akagusa upande wa kitanda cha mama unaoonekana kupitia pazia, vidole vyake vikipita juu ya vitu kama vinavyopita juu ya mbegu anapozichambua. Kisha akasimama mbele yangu. Hakunitazama machoni, alitazama sikio langu. Nilikuwa nimefunga mikono yangu nyuma, kiganja ndani ya kiganja, kwa sababu sikuiamini. Nilitaka kumwambia kwamba nitakuja likizo, kwamba mama angefurahi, kwamba samahani, kwamba asiende. Vyote hivyo vilikuwa kelele. Nikavimeza.

"Sawa," nikasema chini chini.

Alipumua. Akageuka, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukajifunga.